Sauti Isiyovuta Pumzi

Sava ndogo ya koridoni ilimkataa. Mjane alikuwa anaunganisha kompyuta mpya na hifadhi ile ya pamoja, ambamo nyumba nzima iliweka mafaili yake, na kila alipoandika jina lake aliambiwa hatambuliki. Ndoa nzima walikuwa wametumia jina moja, la mume. Akaliandika hilo, na nenosiri la marehemu. Ikafunguka bila kinyongo.

Hakulia. Kulia kulishamshinda tangu msibani. Waliokuja kumliza walikunywa chai wakaondoka.

Alitaka kumsikia tu, basi. Mumewe aliwasomea wasioona riwaya kwenye kipaza sauti, yeye akihariri rekodi zake. Ya mwisho ilibaki bila sura ya mwisho. Sasa sura hiyo ilikuwemo. Tarehe: leo.

Akaicheza. Ilikuwa sauti ya mumewe, hadi mkwaruzo wa koo. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Wifi, nani anaongea humo?" dada wa marehemu alichungulia mlangoni.

"Kaka yako."

"Usinichezee! Kaka yangu tumemzika."

"Sikiliza. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kukata pumzi zake. Huyu hana hata moja ya kukata."

Wifi akasikiliza, na sauti ikazidi kutiririka, ukurasa baada ya ukurasa, haihemi, haimezi mate, kama bomba lililosahauliwa wazi, mpaka akakimbilia koridoni kung'oa waya wa sava, akarudi nao mkononi ukining'inia, na sauti bado inasoma.

"Ni jini," alinong'ona. "Umemwita kwa jina la kaka, kaitika. Namfuata mganga. Usimjibu, mama, nakuomba, usimjibu."

Akatoka mbio. Usomaji ukakoma.

"Mke wangu," sauti ikasema taratibu. "Nakosea wapi?"

Mjane alimfikiria mganga: atakuja, atafukiza, atafanya kazi yake vizuri, na baada yake utabaki ukimya, ule ule anaoamka nao na kulala nao. Hakuogopa. Angependa kuogopa; lingekuwa angalau jambo.

Akafunga mlango kwa komeo, akavuta kipaza sauti karibu.

"Una pupa," alisema. "Ukifika kwenye nukta, pumua. Hivi."

Akavuta pumzi kumwonyesha.

Nyuma ya shingo yake, kitu kikaiga.