Ukurasa wa Mwisho wa Helikopta

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1976, saa kumi kasorobo alasiri, ndipo mambo ya Fanueli yalipoharibika. Helikopta yake ndogo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, ilinyanyuka kutoka uwanja wa mpira wa Same, ikatulia hewani kama nyuki juu ya ua, halafu ikageuza pua kuelekea milimani. Fanueli akavuta kijiti cha kile kisanduku cha redio cha kuiongozea. Haikusikia. Akavuta tena. Ikaenda zake.

"Irudishe!" Mwamvita alipiga kelele.

"Nairudishaje na haisikii?"

Walikuwa wamejuana tangu Machi, kwenye foleni ya sukari. Wakati ule ukitaka kilo moja unasimama nusu siku juani, na mkubwa anapitishiwa gunia zima mlango wa nyuma. Fanueli, fundi redio, mgane wa miaka thelathini na minne, alikuwa anakikodolea macho kijitabu cha Kiingereza. Nyuma yake mtu akacheka.

"Kaka, helikopta yako imelala chali."

Akageuka. Msichana, gauni la maua ya manjano, viatu vya raizoni vyenye soli nene miguuni, ananukia marashi ya waridi.

"Mchoro umeushika kichwa chini, miguu juu."

"Dada'ngu, mimi nimeishia darasa la nne. Chuma nakielewa, karatasi inanishinda."

"Basi lete nikusomee. Naitwa Mwamvita, kwetu Hedaru. Nipo posta, swichibodi ya simu."

Helikopta yenyewe aliachiwa na Mzungu mmoja, fundi mitambo wa shamba la mkonge, vipande tupu ndani ya boksi. Fanueli hakuitaka kwa mchezo. Miaka mitatu nyuma walimshusha mkewe, Yudith, kutoka Suji, kijiji cha milimani, kwa machela, uzazi umemkaba, gari la wagonjwa limeombwa Same kwa simu, limesubiriwa mpaka basi. Njiani helikopta ya kweli ikapita juu yao, imebeba mkubwa anakwenda kuhutubia maendeleo. Yudith akaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Macho yale hayakujifumba. Fanueli ndiye aliyeyafumba.

Kijitabu kikabaki kwa Mwamvita. Kila jioni, simu za watu zikipungua, alimpigia dukani kwa Chande, ambako Fanueli alikuwa na meza yake barazani.

"Hallo, fundi. Ukurasa wa saba. Uko tayari au unakula?"

"Nakula sauti yako."

"Mwongo! Sikiliza. Mapanga mawili yawe na uzito sawa. Yafunge pamoja, yaning'inize kwa uzi katikati. Upande ukiwa mwepesi, bandika utepe."

"Na moyo ukielemea upande mmoja?"

"Ukurasa huo haumo."

Chande akafoka nyuma ya mizani, "Simu yangu mmeifanya kitanda cha fungate!"

Basi Fanueli akabandika utepe mwekundu kwenye ncha ya panga moja, mweupe kwenye jingine. Akaifunga helikopta kwenye meza, akaiwasha, akachuchumaa macho yawe sawa na mapanga. Wekundu ukipanda juu ya weupe, anazima, anakaza kijiti kinachoinamisha panga lile nusu mzunguko, anawasha tena. Siku nne, mpaka rangi mbili zikapita mstari mmoja.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Kila asubuhi aliikuta imeelekeza pua dirishani, upande wa Suji, na yeye aliiacha inatazama ukuta, haina betri, haina mafuta.

"Upepo huo, mpenzi," Mwamvita alimwambia.

"Dirisha lilikuwa limefungwa."

Mwamvita akashusha sauti kwenye waya. "Usinisimulie tena mambo hayo. Niko peke yangu hapa."

Helikopta ilipopotea, Fanueli alikwenda kuchukua kijitabu chake, akakifungua nyuma. Mchoro: mtu ameshika kisanduku, anarudi nyuma hatua hamsini, helikopta iko chini. Hata wa darasa la nne aliuelewa. Kabla hujairusha, pima kwanza redio inasikika mpaka wapi.

"Huu hukunisomea."

Mwamvita akainama. "Ulikuwa wa mwisho."

"Kwa hiyo?"

"Kitabu kikiisha ningekupigia kwa lipi? Tangu Machi hujanitamkia ndoa, Fanueli. Kila siku mapanga, mapanga! Nilitaka wiki moja zaidi."

"Nilidhani wakubwa peke yao ndio wa kutuficha mambo. Kumbe na wewe."

Akaondoka. Wiki tatu simu haikulia dukani kwa Chande. Wanawake walioshuka na ndizi sokoni wakawa wanasimulia kitu kinachonguruma juu ya njia ya machela, asubuhi na jioni. Na mafuta aliyoitia yalikuwa ya dakika kumi.

Jumatatu moja, saa saba mchana, jua liko utosini, simu ikalia.

"Usikate," Mwamvita alisema. "Hasira zako njoo nazo, lakini njoo. Suji wanapiga."

"Waya wa Suji ulikatika wiki aliyokufa Yudith. Kila mkutano wanaahidi kuutengeneza, nguzo zenyewe zimeshakuwa kuni!"

"Ndiyo maana nakuita."

Alikimbia. Kwenye swichibodi, kibati chenye jina la Suji kilikuwa kimeanguka, kama kiangukavyo mtu akipiga. Mwamvita amekaa wima, jasho limemlowesha gauni mgongoni.

"Nisamehe kwanza. Sitaki kusikiliza hiki peke yangu, wala sitaki ukisikilize na kinyongo."

Fanueli akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, joto lote lile la Same.

"Kosa langu pia. Nilikupenda kwa sikio, mdomo ukaogopa. Ijumaa nakwenda Hedaru kwa baba yako. Utanikubali, pamoja na huyu wa milimani?"

"Nakukubali. Yeye hajanikosea kitu."

Akachomeka waya. Wakagawana chombo cha kusikilizia, shavu kwa shavu. Mapanga yakasikika kwanza, mbali, yanazunguka vizuri kabisa. Yakapungua, yakanyamaza. Kisha mwanamke akavuta pumzi, akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuwasumbua wakubwa:

"Hallo, Same? Gari limeshatoka?"