Mashine ya Tano

Nurudini alifika Kasulu jua likizama, flashi mfukoni, dharau usoni. Kule Kibondo alikuwa amemaliza kazi kama hii kwa nusu siku. Hapa zilibaki mashine tano za Unix, kompyuta kuukuu, zimeunganishwa kwa mtandao katika chumba cha nyuma cha kaofisi ka kutafuta ndugu waliopotezana. Alitakiwa kuzipandisha toleo jipya tu. Mjinga gani angeshindwa?

Mtunza ofisi, Jeanne, mama mtu mzima aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, alisimama mlangoni akapiga makofi taratibu, kama Waha wanavyosalimia.

"Mwidiwe," alikiambia chumba kitupu.

Nurudini akasonya. "Mama, unasalimia mabati?"

"Ya tano ina majina ya watu mia tatu na kumi na mbili wasiojulikana walipo. Dada yangu Ininahazwe yumo. Orodha nyingine hatuna. Nakili kwanza, mwanangu, ndipo uiguse."

"Nimeshanakili."

Muongo. Flashi ilijaa miziki, na kunakili kungemchukua saa nzima. Mdharau mwiba guu huota tende, lakini huyu alijiona amevaa buti. Jeanne akashukuru, akaenda uani kuchemsha chai.

Mashine ya kwanza ikapanda. Ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikakwama katikati, ikazima. Alipoiwasha, diski ilikuwa tupu.

Hakujali. Watu wenyewe walishapotea, akawaza, wakipotea tena kuna hasara gani? Ndivyo alivyowaza, hayawani yule.

Kisha... pa.

Pa. Pa.

Makofi. Taratibu. Yalitoka mle mle ndani, pamoja na harufu ya moshi wa kuni mbichi na mablanketi yaliyolowa mvua.

"Mama?" alinong'ona.

Jeanne alikuwa uani bado, akipuliza jiko. Nurudini akaiuliza mashine ya kwanza, kwa kibodi, ni akina nani walioingia kwenye mtandao. Ikajibu: mia tatu na kumi na mbili, wote kutoka mashine ya tano. Akainama, akachomoa waya wa mtandao na wa umeme wa ile ya tano. Akauliza tena.

Mia tatu na kumi na mbili.

Makofi yakawa mengi. Walikuwa wakingoja aitikie salamu. Yeye akaketi, akaziba masikio.

Kioo cha mashine ya tano, isiyo na waya wala umeme, kikawaka. Orodha ilikuwa na jina moja.

*Nurudini. Anatafutwa na watu mia tatu na kumi na mbili. Mara ya mwisho kuonekana: Kasulu, leo, magharibi.*

Jeanne aliingia na vikombe viwili. Kiti kilikuwa na joto bado, flashi iko mezani, mtu hakuna. Akasoma kioo. Akalitafuta jina la dada yake, juu hadi chini, asilione. Akachomeka flashi kwenye mashine ya kwanza, akakuta miziki tu.

"Hakunakili," alisema kwa uchungu. "Mshenzi yule."

Akaweka vikombe chini, akapiga makofi. "Mwidiwe."

Akaitikiwa na makofi ya wengi, yamepangika vizuri. Mmoja wao tu alikuwa akipiga ovyo, nyuma ya wenzake, kama mtu anayejifunza.