Kinyota Pembeni ya Neno Bure

Dobi alikuwa na miaka arobaini na minane alipoanza kusoma. Kutwa alipiga pasi nguo za mtaa mzima. Saa kumi jioni alizima pasi, akajitanda mtandio, akaenda darasa la watu wazima.

"Ukimaliza utakuwa waziri?" mumewe alimtania.

"Nitakuwa msomaji. Inatosha."

Baada ya miezi saba alisoma kila kilichopita mbele yake: majina ya maduka, mifuko ya unga, hata migongo ya malori. Alikuwa na raha, na nani wa kumlaumu?

Ijumaa moja alipeleka mashati kwa mteja. Akapita mbele ya duka jipya la kahawa. Kioo kizima kilikuwa na bango. WIKI YA AKINA MAMA. KILA MAMA ANAKUNYWA KAHAWA BURE. Alilisoma kimoyomoyo, kisha akalisoma kwa sauti. Pembeni ya neno BURE palikuwa na kinyota. Akaona ni pambo tu. Darasani walikuwa wamefundishwa nukta, mkato na alama ya kuuliza. Vinyota walikuwa hawajavifikia.

Alirudi nyumbani mbio. Mama yake mzazi alikuwa na miaka sabini na miwili, na maisha yake yote alikuwa hajawahi kukaa kwenye duka la namna ile.

"Mama, vaa. Leo nakupeleka kunywa kahawa."

"Pesa umetoa wapi?"

"Hatulipi. Nimesoma mwenyewe."

Walisimama kwenye foleni mpaka miguu ya bibi huyo ikauma. Hatimaye wakafika kaunta.

"Mnachukua boksi gani la keki?" mhudumu aliuliza.

"Hatutaki keki. Tumefuata kahawa ya bure."

"Kahawa ni bure ukinunua keki, mama. Imeandikwa."

"Nimesoma mimi. Keki haipo."

"Basi hukusoma vizuri."

Watu wakacheka. Mimi ninayewasimulia, kicheko hicho kiliniudhi kuliko keki yenyewe. Boksi moja tu lilitaka malipo ya siku tatu za pasi. Bibi akamshika binti yake mkono.

"Twende zetu, mwanangu."

Wakashika njia ya nyumbani. Dobi aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke aingie. Nyumbani, mumewe aliposikia, akasema, "Kwani mwalimu wenu anafundisha nusunusu?" Alikuwa anatania, lakini utani nao una wakati wake. Dobi alichukua daftari lake, akalisukuma chini ya kitanda.

"Darasani sirudi tena," alisema. "Najua kusoma, halafu naaibishwa mama yangu akiona? Heri nilivyokuwa sijui."

Jioni ile hakwenda. Akalala na machozi yake.

Asubuhi alikuja jirani yake kuchukua sare ya kazi. Jirani huyu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa mabango, na vidole vyake havikutakata hata siku ya sikukuu. Mtaa mzima ulimwita Mama Wino.

"Leo uso wako ndio unataka pasi," alisema. "Kuna nini?"

Dobi akamweleza yote.

"Pembeni ya BURE palikuwa na kinyota?"

"Palikuwa na kipambo."

"Si pambo, mwenzangu. Kinyota kinakuambia: shuka chini, kuna maneno mengine. Mabango hayo tunayachapa sisi. Wenye maduka wanatuambia neno BURE liwe kubwa kama mlango. Masharti wanataka yawe kama sisimizi."

"Basi yule mhudumu alisema kweli. Sijui kusoma."

Mama Wino alichukua fulana moja mezani. "Hii ina maandishi makubwa kifuani. Yanakuambia pasi iwe na moto kiasi gani?"

"Hapana. Hilo naangalia kwenye lebo, ndani ya kola."

"Lebo ni kubwa?"

"Ndogo kama ukucha."

"Na ukiipuuza?"

"Naunguza nguo ya watu."

"Haya. Jana ulisoma kifua, kola ukaiacha. Kusoma unajua. Hukuambiwa tu pa kuangalia."

Wakaenda pamoja mpaka kwenye duka lile. Bango lilikuwepo bado. Chini kabisa, karibu na sakafu, palikuwa na mistari minne ya herufi ndogo sana. Dobi akataka kupiga magoti.

"Usijivunje mgongo," Mama Wino alisema. "Piga picha kwa simu, halafu ikuze kwa vidole viwili. Na picha uitunze. Wakibandua bango, ushahidi unabaki kwako."

"Basi nisomee."

"Sikusomei. Soma mwenyewe."

Walirudi kwenye meza ya pasi. Dobi alisoma neno moja moja. "Kahawa ni bure kwa mama anayenunua boksi moja la keki." Akaweka simu chini. "Si ndiyo hayo hayo?"

"Mistari ni mingapi?"

"Minne."

"Umesoma mmoja."

Wa pili ulisema kila mama apewe kikombe kimoja. Wa tatu ulikuwa mrefu, ukamtoa jasho. "Mama mwenye umri wa miaka sitini na zaidi... hahitaji kununua." Akaurudia wote tangu mwanzo. "Jirani, mama yangu hakutakiwa kununua kitu."

"Endelea."

Wa nne ulisema ofa inaisha Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

"Nenda sasa hivi," Mama Wino alisema. "Usigombane na mtu. Onyesha picha, waambie wasome. Wakibisha, muulizie meneja. Bibi achukue kitambulisho chake. Na wakikataa kabisa, kuna ofisi ya kutetea wanunuzi. Wapelekee picha hiyo hiyo."

"Wewe huji?"

"Nije kufanya nini? Msomaji ni wewe."

Mhudumu alikuwa yule yule.

"Leo mmefuata keki?"

"Nimefuata kahawa ya mama yangu," Dobi alisema kwa upole. "Soma mstari wa tatu."

Mhudumu akasoma. Akakuna kichwa. "Sisi tuliambiwa ni lazima keki."

"Wewe uliambiwa. Mimi nimesoma."

Meneja akaitwa. Alisoma kwenye simu, hakuridhika. Akatoka nje, akainama mpaka chini ya kioo, akasoma huko. Aliporudi alikuwa mpole.

"Bango lilitoka makao makuu," alisema. "Kusema kweli, huko chini sikuwahi kufika. Ni haki yenu. Na mtusamehe kwa ya jana."

Bibi akakaa kwenye kiti cha dirishani na kikombe chake. Kwenye foleni palikuwa na mama mmoja mzee amekumbatia boksi la keki.

"Nami nina sitini na sita," alisema. "Nyie nani kawaambia?"

"Hatukuambiwa na mtu," bibi akajibu. "Mwanangu kasoma."

Mama yule akarudisha boksi mezani. Wengine watatu wakafuata. Dobi akawasomea mstari wa tatu kwa sauti, duka zima likisikiliza. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni mumewe alimfuata akiwa na simu mkononi.

"Mke wangu, jana nilikosa. Nisamehe. Hebu nisomee hili. Friji nusu bei kwa sikukuu ya punguzo. Nilitaka kesho niwahi kabla hazijaisha."

Dobi alishuka moja kwa moja mpaka chini. "Nusu bei ni kwa friji ya maonyesho, isiyo na dhamana. Ikifa kesho, ni yako."

"Alaa. Basi tulale."

Jumatatu Dobi alilitoa daftari chini ya kitanda, akalipangusa vumbi. Darasani mwalimu alimuuliza Ijumaa alikuwa wapi. Dobi akasimulia tangu mwanzo mpaka mwisho, na aibu yake hakuificha. Mwalimu akamsikiliza, kisha akampa chaki.

"Hili sikuwafundisha," alisema. "Njoo utufundishe wewe."

Dobi akasimama mbele ya wenzake. Akachora kinyota kikubwa kama sahani, akageuka. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la Dobi, amefungua daftari, anaandika.