Kompyuta Iliyopimwa kwa Futi

Kila asubuhi Vidole alifungua dirisha la chumba cha mbele, akafuta meza, akaketi. Hicho ndicho kilichokuwa chumba chake cha kazi. Alichapa barua, maombi ya kazi na vitini vya shule. Jina la Vidole alipewa na wateja, kwa sababu alichapa bila kutazama kibodi, tena huku anapiga soga.

Sasa hakuwa na cha kuchapia. Kompyuta yake ya zamani ilitoa harufu ya kuungua, ikazimika, haikuwaka tena. Kwa hiyo Vidole aliketi tu, akatazama ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la wifi yake, yaani dada mdogo wa mumewe. Wifi naye alikuwa ameanza kazi ya kuchapa. Kompyuta yake aliiweka karibu na kioo cha duka ili kila mpita njia aione. Ilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani yake feni zilizunguka na taa nyekundu, za buluu na za kijani. Mlangoni wifi alibandika karatasi yenye maandishi makubwa: WENYE WIVU WAJINYONGE.

"Karatasi ile ni yangu," Vidole alimwambia mumewe.

"Imeandikwa jina lako?"

"Haina haja. Msemwa anajijua."

Mumewe alikuwa seremala, mtu mpole. Na mtu mpole akiwa katikati ya mke na dada, hubanwa kama ubao kwenye jiliwa. Aliendelea kupiga randa.

Tuseme kweli: Vidole alikuwa na wivu. Chai haikumshuka. Mteja akiingia kwa wifi, yeye aliinuka kitini. Mteja akitoka, alichungulia aone kama amebeba karatasi nyingi au chache.

Siku ya Jumatano alikuja Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani. Alisimama dirishani.

"Vidole, shule zinafunguliwa. Jumatatu naleta vitini vya masomo vya kuchapa. Kompyuta imepona?"

"Itapona, Mwalimu."

"Isipopona, itabidi nivuke barabara. Si kwamba sikupendi. Watoto hawawezi kukungoja."

Vitini vya shule ndivyo vilivyoiendesha nyumba ile. Kazi ya useremala ilikuja na kukatika, lakini ya shule ilikuja kila muhula. Ikivuka barabara mara moja, nani angeirudisha?

Mwalimu alipoondoka, Vidole alimgeukia mumewe.

"Chukua futi yako."

"Kuna mlango wa kupima?"

"Kuna kompyuta ya kupima. Nenda kwa dada yako, mwambie umekuja kukaza bawaba za mlango. Akigeuka, lipime lile kasha. Urefu, upana na kina. Na feni uzihesabu."

"Mke wangu, kompyuta si meza."

"Nenda."

Alikwenda. Alirudi na vipimo ameviandika kwenye kipande cha ubao, kama alivyozoea. Vidole alikichukua kile kipande cha ubao, akaenda nacho mpaka kwenye duka la vifaa vya kompyuta.

"Nataka kama hili," alimwambia muuzaji, "ila lizidi kidogo."

Muuzaji hakuuliza la kufanyia nini. Mteja mwenye wivu ni rahisi kumuuzia, unamwonyesha kikubwa tu. Alimpa kasha jeusi lenye kioo, feni za taa, na kadi ya picha nene kama tofali. Baada ya hapo pesa ilikuwa inaelekea kwisha. Basi akampa pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, ya bei ya chini kabisa, ile isiyo hata na jina la mtengenezaji.

"Na vingine?" aliuliza Vidole.

"Vingine utakuja kuchukua ukijaliwa."

Nyumbani waliliweka kasha mezani. Seremala alilipima. Lilikuwa sawasawa na la dada yake, halikuzidi hata kidogo.

"Amenidanganya!" Vidole alisema.

"Tulia," mumewe alijibu. Alikuwa amechoka, anataka amani. Alichukua keekee, akatoboa matundu manne chini ya kasha, akalifungia miguu ya mbao. Aliipiga msasa na kuipaka vanishi. Sasa lilizidi.

Kelele ya keekee ilimleta jirani wa ukuta wa pili. Alikuwa mama wa makamo, fundi wa kompyuta, na watu walimwita Mama Bisibisi. Aliingia anatafuna karanga.

"Mnajenga nini humu?"

"Kompyuta, dada," alisema Vidole kwa majivuno.

Mama Bisibisi alichungulia ndani ya kasha. Akachungulia tena. Kisha akaacha kutafuna.

"Mdogo wangu, hii si kompyuta. Umenunua kabati tupu. Nguo ziko wapi?"

"Nguo gani?"

"Prosesa, inayofanya kazi ya kufikiri. Bodi kuu, ambayo vitu vyote huchomekwa juu yake. Kumbukumbu. Diski ya kutunzia kazi. Hakuna hata kimoja. Na hili tofali la nini?"

"Kadi ya picha. Wifi anayo."

"Wewe unacheza michezo ya magari na vita?"

"Nachapa vitini."

"Basi tofali hili litakaa humo linakula umeme bure. Ulichaguaje vitu hivi?"

Seremala alikificha kile kipande cha ubao nyuma ya mgongo, lakini alikuwa amechelewa. Mama Bisibisi alikiona, akasoma vipimo, akacheka mpaka karanga zikampalia.

"Fundi mwenzangu! Mtu akikuagiza meza, unaanza na nini?"

"Namuuliza ni ya kazi gani," alisema seremala kwa sauti ndogo. "Ya kulia chakula au ya kusomea."

"Na kompyuta ni hivyo hivyo. Anza na kazi, halafu kifaa, sura iwe ya mwisho. Nyinyi mmeanza na miguu. Ukimuiga tembo, utapasuka msamba."

Vidole alianza kulia. Hakulia kwa ajili ya kompyuta tu. Alilia kwa sababu alimwona wifi ng'ambo anacheka na mteja, na aliamini kabisa kwamba anachekwa yeye.

"Mwalimu anakuja Jumatatu," alisema.

"Basi nyamaza tufanye kazi. Hiyo kadi umeifungua plastiki?"

"Bado."

"Vizuri. Kesho tunarudi wote dukani."

Muuzaji alinuna, lakini kadi ilikuwa bado imefungwa, na feni hazijaguswa. Pawa saplai pia aliipokea. Kasha alilikataa. Aliitazama ile miguu ya mbao, akatikisa kichwa.

"Hili sasa ni samani," alisema.

Basi kasha likabaki lao. Kwa thamani ya vile vitu vingine, Mama Bisibisi alichagua upya, na kila kitu alikieleza.

"Chukua prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake. Ikiwa hivyo, huhitaji kadi. Kwa kuchapa, barua pepe na mahesabu, ya kawaida inatosha kabisa. Bodi kuu lazima iendane nayo, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Si kila prosesa inaingia kwenye kila bodi."

"Na kumbukumbu?"

"Giga nane zinakutosha kwa kuanzia. Hakikisha bodi ina nafasi nyingine wazi, siku ukipata utaongeza. Diski, chukua hii isiyo na kitu kinachozunguka. Mafundi tunaiita esesidi. Hii ndiyo itakayofanya kompyuta iamke upesi. Ukibana matumizi, bana kwenye taa, usibane hapa."

"Pawa saplai je?"

"Ya mtengenezaji anayejulikana, yenye dhamana. Hii ndiyo inayogawa umeme kwa vyote. Ile harufu ya kuungua kwenye kompyuta yako ya zamani ilitoka wapi?"

Vidole alikumbuka. "Huko huko nyuma, inakoingia waya wa umeme."

"Umeona? Ya bei ya chini hufa na wenzake. Skrini, kibodi na kipanya usinunue. Ulivyonavyo ni vizima."

Siku ya Jumamosi walikaa mezani. Mama Bisibisi alikunja mikono kifuani.

"Mimi sigusi," alisema. "Leo mikono ni yako."

Kwanza alimfanya seremala apanguse ndani ya kasha mpaka vumbi lote la chuma la keekee liishe. Chembe moja ingeangukia bodi, ingeweza kuiunguza. Kisha Vidole aligusa chuma cha kasha, ili umeme wa mwilini utoke usiharibu vifaa. Waya wa ukutani ulikuwa haujachomekwa.

Prosesa ilikuwa na alama ndogo pembeni. Vidole aliilinganisha na alama ya kwenye bodi, akaiweka. Ilikaa yenyewe.

"Ikikataa usiilazimishe," alisema Mama Bisibisi. "Hii si msumari."

Juu yake alitia dawa ya kupoza kiasi cha punje ya dengu, akafunga feni yake. Akachomeka kumbukumbu. Akaikaza bodi ndani ya kasha, kila skrubu mahali pake. Akaweka diski na pawa saplai. Akachomeka waya za umeme, ule mkubwa wa bodi na ule mdogo wa karibu na prosesa, ambao wengi husahau. Waya wa skrini aliuchomeka nyuma ya bodi.

Akachomeka waya wa ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ya prosesa ilizunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi.

Vidole aliruka, akaelekeza kidole dirishani. "Ni yeye! Ametukodolea macho tangu asubuhi. Hicho ni kijicho cha wifi!"

"Kijicho hakiingii kwenye bodi," alisema Mama Bisibisi. "Zima. Chomoa waya ukutani. Tazama kumbukumbu."

Vidole alitazama. Upande mmoja ulikuwa umeingia, mwingine umeinuka kidogo. Alibonyeza mpaka akasikia ta! Akarudisha waya ukutani, akawasha tena. Maandishi yakatokea.

Seremala alishangilia kuliko wote. Mchana ule Mama Bisibisi aliwawekea mfumo wa kuiendesha kompyuta na programu za ofisi zisizolipiwa, halali kabisa. Diski ya kompyuta ya zamani aliipima, akaiona ingali nzima, na kazi zote za Vidole zimo. Walizihamishia kwenye diski mpya, na ile ya zamani wakaiacha iwe ya nakala.

"Kazi ya mtu ikae sehemu mbili," alisema. "Moja ikifa, nyingine ipo."

Jumatatu Mwalimu Mkuu aliweka mezani rundo la vitini. Lilikuwa mara mbili ya muhula uliopita, na alivitaka Ijumaa. Vidole alibonyeza. Kabla Mwalimu hajamaliza kuvuta kiti, kompyuta ilikuwa tayari.

"Imepona," Mwalimu alisema.

"Imezaliwa upya, Mwalimu."

Alasiri ile ilisikika hodi mlangoni. Alikuwa wifi. Alikaribishwa kiti lakini hakuketi. Alisimama akilitazama lile kasha lenye miguu, lisilo na taa hata moja, na barua zilivyokuwa zikifunguka upesi kwenye skrini.

"Yako inaamka mara moja hivyo?"

"Mara moja."

"Yangu nawasha, nakwenda kufagia, narudi, bado inawaza. Leo mtu amechoka kungoja, ameondoka na karatasi zake."

Vidole alisikia raha. Tusimfichie aibu yake: alisikia raha mpaka kwenye nyayo. Neno kali lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini kwanza aliuliza.

"Ilikuwaje ukanunua ile?"

"Usicheke, wifi. Kila aliyeingia kwangu alisema, Vidole anachapa hivi, Vidole anachapa vile. Nikachoka. Nikamwambia muuzaji anipe kitu ambacho wewe huna."

"Akakupa taa."

"Akanipa taa."

Lile neno kali Vidole alilimeza. Lilipita kwa shida.

"Nenda uizime," alisema. "Chomoa waya ukutani. Nakuja na bisibisi."

Waliifungua wawili. Nyuma ya kioo na feni kulikuwa na kumbukumbu ndogo moja, na diski ya zamani ya kuzunguka, yenye vumbi. Vidole aliipuliza vumbi.

"Yaani hii ndiyo iliyoninyima chai?" alisema.

Kesho yake wifi alinunua esesidi na kumbukumbu ya kuongeza. Mama Bisibisi alisimama mlangoni na karanga zake, akasimamia kuhamisha mafaili. Mikono ilikuwa ya Vidole. Kila kitu kilipokaa, wifi alibonyeza.

Kompyuta iliamka. Tena iliamka upesi kuliko ya Vidole. Haikuzidi sana, ilizidi kwa pumzi moja, lakini Vidole aliiona, na wivu ukarudi pale pale ulipokuwa ukikaa siku zote. Wifi alikuwa anapiga makofi.

Vidole alivuka barabara kwenda kwake. Akarudi na rundo la vitini kwapani, akaligawa katikati, akamwekea wifi nusu mezani.

"Chapa vizuri," alisema. "Nitasoma kila ukurasa."