Shangazi Alilala Mtito Andei

Kila Jumamosi asubuhi Mbinya alifua sare zake za shule kwenye karai nyuma ya nyumba yao, Buruburu. Jumamosi hiyo ya mwezi wa saba, mwaka wa 1994, alifua harakaharaka na kuanika nguo zikiwa bado zinachuruzika maji. Shangazi Kavutha alikuwa njiani kutoka Mombasa.

Si kwamba Shangazi alikuwa mgeni Nairobi. Alikuja kila Krismasi kwa basi, amebeba nazi na maembe. Safari hii ilikuwa ya aina yake. Alikuwa amepata leseni ya udereva hivi karibuni, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na sasa alikuwa amekodi kigari kidogo ili aje akiendesha mwenyewe, bila mwenzake.

Kisa chenyewe kilikuwa meza. Kanisa lao liliagiza meza ya kuwekea Biblia kutoka kwa ushirika wa wachongaji ambako Shangazi alipiga msasa na kung'arisha vinyago. Meza ya kwanza ilisafirishwa juu ya basi, ikafika imevunjika mguu.

"Ya pili nitaileta mimi," Shangazi alisema kwenye simu. "Jumamosi jioni niwekeeni chakula. Jumapili ibada ikianza, meza itakuwa mahali pake."

Habari hizo zilienea mtaani. Baba Wafula, jirani yao aliyeendesha lori la kiwanda kimoja kule Baba Dogo, aliegemea lango akacheka.

"Mombasa mpaka hapa, na mashimo yale, mama peke yake? Mimi mwenyewe huendesha moja kwa moja, usiku kucha, kahawa chungu mkononi."

"Wewe una lori," mama yake Mbinya alimjibu. "Yeye ana akili."

Mbinya alicheka pamoja nao, lakini moyoni alikuwa na jambo lililomkera kama kokoto kiatuni. Alikuwa darasa la nane, na tangu mwanzo wa muhula alikuwa ameapa kumshinda Wafula, mwana wa jirani huyo, aliyekuwa wa kwanza darasani kila mara. Kwa hivyo kila siku wazazi wake walipokwisha kulala, Mbinya aliamka, akatia maji baridi kwenye beseni, akatumbukiza miguu humo ili usingizi usimpate, akasoma hadi jogoo wa kwanza. Mama alipomuuliza mbona macho mekundu, alisema ni vumbi. Baba alipouliza kama analala vyema, alisema analala fofofo.

Ijumaa, katika mtihani wa majaribio wa hisabati, aliinamisha kichwa kidogo tu, apumzishe macho. Alipoinua kichwa, Mwalimu Ochola alikuwa akikusanya karatasi. Nusu ya maswali hayakuwa na majibu.

"Jumatatu njoo na mzazi," mwalimu alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza zaidi.

Mbinya hakumwambia mtu.

Jumamosi jioni chakula kiliandaliwa: wali, kuku wa kienyeji na muthokoi, ile pure ya mahindi na kunde aliyoipenda sana Shangazi. Watu walikaa, wakasubiri. Chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Baba alikuwa akienda langoni na kurudi. Kila alipodhani simu imelia, Mama aliinyanyua, akakuta ni mlio mtupu wa waya. Hakuna aliyelala vizuri nyumbani humo. Mbinya alimsikia Mama akisali kwa sauti ya chini chumbani, akimtaja Kavutha kwa jina.

Kulipokucha, Baba alivaa koti. Alisema anakwenda kituo cha polisi kuuliza kama kuna ajali yoyote iliyoripotiwa njia ya Mombasa. Mama alimwomba anywe chai kwanza, lakini hakuna aliyeigusa chai. Waumini walikuwa wameanza kupita wakiwa na nguo zao za Jumapili, na kila aliyeuliza "Mgeni amefika?" aliongeza uzito juu ya ule uliokuwapo.

Baba alikuwa amefika langoni honi ilipolia. Ililia mara nyingi, nyembamba kama ya baiskeli ya mwuza maziwa. Kigari cheupe, kimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye paa, kilijikokota mbele ya nyumba. Mlango ukafunguka, ukatoka kwanza mguu mmoja, kisha kitambaa cha kichwa kilichokaa upande, kisha Shangazi Kavutha mzima, akinyoosha mgongo kwa mikono miwili.

"Kaka, hujambo? Mbona umevaa koti la msiba?"

Mama alimkumbatia, kisha akamsukuma kidogo nyuma, machozi yakimtoka. "Wifi, tumekesha. Tulidhani tumekupoteza."

"Nisameheni. Simu ya kibandani ilikuwa imekufa, na nilikuwa nimelala."

"Umelala wapi?"

"Humu." Shangazi alipiga paa la kigari, vumbi likaruka. "Tuitoeni meza kwanza. Kengele ya kanisa haimngoji mtu."

Meza ilifunuliwa, ikang'aa. Kwenye miguu yake walichongwa ndege, kila mmoja akitazama upande wake. Baba Wafula ndiye aliyejitolea kuibeba mpaka kanisani. Ibada ilipoanza meza ilikuwa mahali pake, na Mbinya alimwona Shangazi akiimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima, nguo zake zikiwa zimekunjamana kama majani makavu ya mgomba.

Hadithi yenyewe ilikuja baada ya chakula cha mchana. Sebule ilijaa majirani.

"Nilitoka Mombasa asubuhi, vizuri kabisa," Shangazi alianza. "Nilipofika Maungu, shimo likanipasulia tairi. Nikalifungua mwenyewe, nikafunga la akiba, nikaingia Voi kuziba lililopasuka. Fundi alikuwa amekwenda mazishini. Nikamngoja karibu kutwa. Nilipotoka Voi jua lilikuwa linashuka. Basi, kufika mbele ya daraja la Tsavo, nikasikia honi ya lori. Nikaangalia, kumbe niko upande usio wangu."

Majirani walisogeza viti karibu.

"Nikarudi upande wangu. Lori likapita, na upepo wake ukakitikisa kigari. Nilipojaribu kukumbuka nimefikaje pale, sikuweza. Sikuona miti, sikuona mawe. Nilikuwa nimelala macho wazi. Nikamwambia Mungu, ukinifikisha Mtito Andei, sisogei hata hatua moja kabla ya asubuhi."

"Hoteli hazikuwapo?" Mama aliuliza.

"Zilikuwapo. Ningeiachaje meza ya kanisa peke yake garini? Nikaingia kwenye kituo cha petroli. Kulikuwa na mlinzi mmoja anaitwa Ndindi, mzee wa kwetu Kibwezi. Akaniambia, 'Mama, egesha hapa chini ya taa, mimi nitakuangalia.' Sasa kulala ndiko kulikokuwa vita. Meza imejaza kiti cha nyuma, kiti changu hakilali. Nikaweka miguu juu ya usukani, kichwa kwenye gunia la nazi. Nikigeuka, honi inalia. Kila honi ikilia, Ndindi anakuja mbio na rungu."

Watu walicheka, hata Baba, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu.

"Hatimaye nikalala kama mtoto. Niliamshwa na kitu kinachogonga kioo. Nikafungua macho, nikatazamana na nyani. Ameketi juu ya boneti, anajitazama kwenye kioo cha pembeni, anajikuna kidevu kama bwana harusi. Nikamsalimu. Akaingiza mkono kwenye upenyo wa dirisha, akachukua mkate wangu wote, akaondoka bila kusema asante. Ndindi akaniletea chai. Nikaondoka kukipambazuka, na mbele kidogo nikauona mlima Kilimanjaro umesimama mweupe, hauna wingu hata moja. Jamani, ningeupita gizani."

Baba Wafula alikohoa. "Lakini dada, ungekaza moyo kidogo ungefika. Sisi hukaza."

"Pengine ningefika," Shangazi alimjibu bila hasira. "Na pengine leo mngekuwa mnanililia badala ya kunicheka."

Baba Wafula alitazama kikombe chake. Baadaye alisema polepole kwamba mwaka uliopita utingo wake alimzaba kofi la kumwamsha karibu na Sultan Hamud, lori likiwa limeanza kuingia mtaroni. Hakuwa amemwambia mtu jambo hilo, hata mkewe.

Alasiri Mbinya na Shangazi waliosha kigari. Watoto wa mtaa walizunguka wakitaka kuonyeshwa alipoketi nyani. Wafula naye alikuja. "Sasa, Mbinya," alimsalimu, akachukua kitambaa akasugua magurudumu, kisha akaitwa kwao akaoge.

Walipobaki wawili, Mbinya alisema, "Shangazi, na mimi nililala macho wazi."

"Ulikuwa unaendesha nini?"

"Mtihani."

Akamweleza yote: beseni, macho mekundu, uongo wa vumbi, karatasi iliyobaki tupu, na ujumbe wa Mwalimu Ochola. Alipomaliza, kitambaa chake kilikuwa kimekauka mkononi. Shangazi hakumkemea. Alifunga mfereji.

"Umewaambia wazazi wako?"

"Bado."

"Basi twende. Mimi nitasimama karibu nawe, lakini mdomo utakuwa wako."

Mbinya aliwaambia wazazi wake wakiwa mezani. Mama alishika kichwa. Baba alisukuma sahani yake kando, akasema, "Kilichoniuma si hesabu. Ni kwamba nilikuuliza kama unalala, ukanijibu, nami nikakuamini." Mbinya aliomba msamaha, na safari hii alimtazama Baba usoni. Baba akamvutia kiti, akamwekea muthokoi uliobaki.

Jumatatu Shangazi aliwapeleka shuleni, Mbinya na Baba yake wamebanana ndani ya kigari, magoti ya Baba yakigusa kidevu. Mwalimu Ochola aliwasikiliza, kisha akamwambia Mbinya, "Maswali uliyojibu ulipata karibu yote. Hukosi akili. Unakosa usingizi." Walikubaliana asome baada ya chai ya jioni, na taarifa ya habari ya saa tatu ikiisha, vitabu vifungwe.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mbinya alijilaza akihisi kana kwamba Wafula anamwacha nyuma kila dakika. Siku moja akamwuliza mwenyewe analala saa ngapi.

"Saa tatu," Wafula alisema. "Nyanya yangu hanipi nafasi."

Mbinya alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo wakawa wanasoma pamoja jioni, wakiulizana maswali barazani.

Muhula wa tatu ulipoanza walifanya majaribio mengine. Mbinya alijibu maswali yote ya hisabati, akapata muda wa kuyapitia tena. Wafula alikuwa wa kwanza, yeye akawa wa pili, nyuma yake kidogo tu. Alikimbia nyumbani akaomba ruhusa ya kupiga simu Mombasa.

"Shangazi, nimemaliza karatasi nzima."

"Na usiku wake ulilala?"

"Nililala mpaka Mama akaniamsha."

Shangazi alicheka, na kicheko chake kikasikika chumba kizima. "Sasa nisikilize, mwanangu. Bidii ni nzuri, lakini mwili nao una haki yake. Ukiudhulumu, utakuangusha pale unapouhitaji. Na ukichoka, sema umechoka. Usiwafiche wanaokupenda, maana hao ndio watakaokesha kwa ajili yako. Wazee walisema, kawia ufike. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Haya, mpe mama yako simu. Nataka kumwambia nimekodi tena kile kigari."