Dereva Asiyesimama Njiani

Kahindi hakuwa na gari la kwake, hakuwa na kiwanja, wala hakuwa na mjomba bandarini wa kumshika mkono. Hakuwa na suti. Hakuwa na ule ulimi laini wa vijana wa mjini, na kitanda chake katika chumba cha Tononoka hakikutosha watu wawili. Lakini lililomkera kuliko yote ni kwamba hakuwa na baba wala ami wa kumwandikia barua ya posa. Wazee wake wote walikuwa wamezikwa Ganze, na barua ya posa haiandikwi na mwenye kuposa. Kijana akijiposea mwenyewe, watu husema ameokotwa.

Alichokuwa nacho ni basi. Halikuwa lake, lakini akishakaa nyuma ya usukani na shati lake jeupe lililopigwa pasi, ungedhani alizaliwa nalo. Lilikuwa basi refu la buluu, lenye njia yake peke yake katikati ya barabara, njia iliyozungushiwa kingo za saruji ili malori na tuktuk zisiingie. Watu wa Mombasa hawakukawia kulipa jina. Waliliita "Bwana Harusi," kwa kuwa lilipita katikati limepambwa, na wengine wote wamekwama kando wakilitazama.

Njia yenyewe ilikuwa ya majaribio, kutoka Tudor kupitia Tononoka hadi Makadara, mlangoni mwa Mji wa Kale. Ikiwafaa watu, ingeendelezwa kisiwa kizima. Isipowafaa, saruji ingevunjwa na madereva warudi walikotoka. Kahindi alikotoka ni Shimanzi, kwenye maghala, ambako alikuwa utingo wa malori. Hakutaka kurudi.

Siku alipokutana na Kache ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Makadara imefurika watu. Wauza kahawa waligonganisha vikombe vyao, na harufu ya viazi karai ilipambana na ya udi kutoka madukani. Basi lilipofika kituoni, abiria walishuka wote isipokuwa msichana mmoja. Alivaa gauni la samawati lililomkaa kiunoni, makubadhi mapya miguuni, na leso ya manjano kichwani. Alikumbatia furushi, ameukazia macho ubavu wa kushoto wa basi, akingoja ufunguke. Nyuma yake, upande wa kulia, milango ilikuwa wazi.

Kahindi alivuta kipaza sauti.

"Dada wa gauni la samawati, mlango uko nyuma yako. Ukiungoja huo ukuta, utazeekea humu."

Kituo kizima kikaangua kicheko. Msichana aligeuka na kushuka kwa madaha, kisha akaja moja kwa moja hadi dirisha la dereva.

"Wewe! Umenitangaza mji mzima!"

"Niwie radhi. Jina sikulijua. Ningelijua, ningetangaza hilo."

"Tangu lini mlango wa basi ukawa kulia? Mimi tangu nizaliwe napandia kushoto."

"Hili linapita katikati ya barabara, dada, na kituo kiko katikati. Sakafu ya kituo na ya basi ni sawasawa. Hebu mtazame yule mzee wa kiti cha magurudumu. Nani kambeba?"

Msichana akatazama. Hakuna aliyembeba. Mzee alijisukuma mwenyewe akaingia basini kama aingiaye sebuleni kwake, akatafuta nafasi yake, akafungua gazeti.

"Naitwa Kache," akasema. "Nauza leso Biashara Street. Siku nyingine ukinitangaza, tangaza na duka."

Jumatatu, basi lilipokaribia Makadara, kipaza sauti kilisema, "Makadara. Wanaotaka leso nzuri, Biashara Street, waulize Kache." Na Kache, aliyekuwa kiti cha mbele, akaufunika uso kwa leso asionekane anavyocheka.

Ikawa hivyo. Akishafika mwisho wa safari, Tudor, wakati basi likipumzishwa, Kahindi alimpigia simu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe je? Au Bwana Harusi hali?"

"Anamngoja bibi harusi."

"Maneno hayo umeyatoa wapi, Kahindi? Ulikuwa huyajui."

"Nimeanza kujifunza."

"Basi jifunze polepole. Na usinipigie ukiwa kwenye usukani, sitaki kuwa mjane kabla sijaolewa!"

Kache alilipenda basi lile karibu kama alivyompenda dereva wake. Zamani, mvua ikinyesha, nauli ilipanda kabla hata ya maji kufika mtaroni. Sasa nauli ilikuwa ileile, jua au mvua, na ndogo kiasi cha kubaki na ya chai. Duka alilifungua kwa wakati, na tajiri wake akaacha kununa.

Lakini Kache alikuwa na mama. Mama Dama aliishi naye Tudor na kupika mahamri ya harusi, naye alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Siku alipoambiwa habari za Kahindi, aliuweka mwiko chini.

"Dereva?" aliuliza. "Dereva nimeshapata mmoja, mwanangu, naye ndiye baba yako. Gari lake lilisimama kwa kila mwanamke aliyeinua mkono kutoka hapa hadi Malindi. Siku moja likasimama Gongoni, na yeye hajarudi hadi leo."

"Huyu si hivyo, mama."

"Wote si hivyo, mpaka mkono uinuliwe." Kisha akafikiri. "Jumamosi nina mahamri ya kupeleka harusini, Mji wa Kale. Nitapanda basi lake nimtazame. Akinipendeza, barua yake nitaipokea. Asiponipendeza, jina lake usinitajie tena."

Kache akamweleza Kahindi yote hayo kwa simu, na Kahindi usiku ule akalipiga shati pasi mara mbili.

Jumamosi mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Kahindi aliondoa basi Tudor bila kuwaona akina Kache kituoni. Hakufika mbali. Kando ya barabara, kabla kidogo ya kituo kilichofuata, aliona kupitia kioo chenye maji wanawake wawili chini ya mwavuli mmoja. Mmoja mrefu, na beseni kichwani lililofunikwa kitambaa cheupe. Mwingine alivaa gauni la samawati.

Mama Dama akainua mkono. Kache naye akainua wake, akitabasamu.

Mguu wa Kahindi ukaenda kwenye breki wenyewe. Lakini kati yake na wao palikuwa na safu ya malori yakitambaa kuelekea Shimanzi, na milango ya basi ilikuwa upande wa pili. Nyuma yake abiria walijaa: wauguzi wa zamu ya asubuhi, watoto wa madrasa, mzee wa kiti cha magurudumu na gazeti lake. Wote hao waliliamini basi kwa kuwa halisimami ovyo. Mikono yake miwili ilibaki kwenye usukani, barabara ikiwa imelowa. Hata kupunga hakuweza.

Akapita. Katika kioo cha pembeni aliuona mkono wa Mama Dama ukishuka taratibu.

Makadara, kabla hajapiga simu, yake ikalia.

"Umetuona?" Ilikuwa sauti ya Kache, kavu.

"Nimewaona, mpenzi."

"Na ukapita."

"Nimepita. Lakini sikiliza, ningefungua mlango upi? Ningewapandisha wapi, katikati ya..."

"Sikukuuliza habari za milango! Mama yangu kainua mkono mvuani, na beseni kichwani. Hata kichwa hukutikisa, Kahindi! Kaniambia, 'Huyo ndiye mkwe? Kanipita kama mti.' Nitamjibu nini?"

"Mwambie kituo kilikuwa hatua chache mbele."

"Nimwambie unasikitika. Nimwambie siku nyingine utasimama. Sema hivyo tu, nimpelekee."

Kahindi angeweza kusema. Ni neno moja, na hakuna ambaye angelipima. Alitazama abiria wakishuka, muuguzi mmoja akikimbia kwenda kazini huku akimpungia mkono wa asante.

"Nikiwaona tena pale," alisema, "nitapita tena."

Simu ikakatika.

Tangu siku ile Kache akarudi kwenye tuktuk. Kahindi alimwona asubuhi moja, amekwama nyuma ya lori la makontena, uso ameugeuzia upande wa pili. Basi likampita. Hakuwahi kuuchukia mwendo wa basi lake isipokuwa asubuhi ile.

"Ungesimama tu, bwana," Lennox, dereva mwenzake, alimwambia walipokuwa wakiosha mabasi kwenye yadi yao, Shimanzi. "Mara moja. Nani angekuona?"

"Yeye angeniona."

"Si ndiye aliyetaka!"

"Leo anataka. Kesho angejiuliza nasimama kwa nani mwingine."

Mzee Joab, msimamizi wa madereva, alikuwa karibu akisikiliza. Huyu alikuwa mtu wa bara, mstaafu wa reli, aliyevaa kofia yake ya kazi hata juani kwa kuwa aliamini usafiri ni jambo la heshima.

Wiki iliyofuata Mama Dama alifika kituo cha Makadara. Alivaa gauni la maua makubwa na leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, kama mtu aendaye barazani kwa chifu.

"Nani mkubwa hapa?" aliuliza. "Nimekuja kushtaki dereva."

Mzee Joab akavua kofia. "Hujambo, mama. Karibu. Kosa limetendeka wapi?"

"Njiani."

"Basi tulisikilize njiani. Tafadhali panda."

Akamkalisha kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, naye akakaa kando yake. Kahindi akamwona katika kioo, akaiweka sawa kola ya shati lake.

"Shikamoo, mama."

"Endesha."

Akaendesha. Mbele ya Digo Road walimkuta bwana mmoja wa suti amesimama nje ya gari kubwa jeusi lililokwama, akiwapungia kwa mikono yote miwili. Basi likampita. "Yule ni tajiri," alisema Mama Dama. "Namjua." Wingu likafunga, mvua ikaanza. Kondakta hakuwepo wa kupandisha nauli, na basi likaendelea kuteleza katika njia yake huku magari ya kushoto yakipiga honi bila faida. Mama Dama akaanza kutazama dirishani kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa mji wake kwa mara ya kwanza.

Walipokaribia Tononoka, msichana mmoja alikuwa ameegemea kingo za saruji. Gauni lake lilikuwa jekundu, hereni zake kubwa kama bangili, na kipande cha leso alikipeperusha juu ya kichwa.

"Kahindi wee!" akaita kwa sauti ya asali. "Nichukue basi, nalowa!"

Kahindi hakugeuza hata jicho.

"Nani yule?" Mama Dama akauliza ghafla.

"Ni Winnie, mama, muuza sharubati. Huwapungia madereva wote kila siku."

"Na husimami?"

"Pale si kituo, mama."

Kisha Kahindi akasikia kitu nyuma yake, akadhani mama analia. Alipotazama kioo, mabega yote mawili ya Mama Dama yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Hata Winnie wa sharubati!" alisema, akijifuta machozi kwa ncha ya leso. "Lo! Baba Kache angekuwa ameshaliingiza basi mtaroni!"

Walipofika Tudor, Mama Dama alitoa simu yake na kupiga, na basi zima likasikia.

"Kache! Niko ndani ya Bwana Harusi. Ndiyo, nimefika Tudor, hata hamri sijamaliza kutafuna! Sikiliza. Huyu dereva wako ana kiburi. Kanipita mimi, kampita tajiri, kampita na Winnie. Mwanamume anayewapita wote hao, jioni atafika kwake. Ushanisikia? Toka huko kwenye tuktuk."

Kisha akamgeukia Kahindi. "Barua yako nitaipokea. Baba yako yuko wapi aiandike?"

Kahindi aliinamisha kichwa. "Sina, mama."

"Ami?"

"Sina."

Mzee Joab akasimama. Akaivua kofia, akaishika kifuani.

"Anaye. Ni mimi," akasema.

Jioni ile Kahindi alipofika Makadara, Kache alikuwa kituoni, upande wa kulia, amesimama penye mlango hasa. Gauni la samawati, leso ya manjano.

"Nimesimama panapostahili, dereva," akasema dirishani.

"Nakuona."

"Sheria nilikuwa naijua, Kahindi. Mama alichoka kutembea, nami nikaona, mara moja tu, aone basi linavyosimama kwa ajili yangu."

"Mguu wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe."

"Kweli?"

"Kweli. Nikaurudisha."

"Kwa nini hukuniambia hilo, mjinga wewe? Hilo ndilo nililokuwa nataka kusikia!"

Akacheka, naye akacheka, na abiria mmoja nyuma akauliza kama basi litaondoka leo au baada ya harusi.

Barua iliandikwa Jumapili, baada ya kanisa, nyumbani kwa Mzee Joab. "Kwetu sisi hatuandiki, tunakwenda na ng'ombe," alisema, lakini aliandika, kwa kalamu ya wino na herufi za kusimama wima, huku mkewe Jacinta akimsomea kwa nyuma na kumwondolea maneno ya reli. Aliandika kwamba kijana wao Kahindi ni mtu wa kazi, kwamba anamwomba binti kwa heshima zote, na kwamba anajulikana kwa kusimama mahali pa kusimama. Jacinta alitaka kuliondoa hilo la mwisho. Mzee akakataa.

Akakunja karatasi, akaitia katika bahasha, akailamba gundi, akaikandamiza kwa kiganja chake kipana. Jacinta akaifunga ndani ya leso mpya iliyonunuliwa Biashara Street, dukani kwa Kache mwenyewe, ambaye alijifanya hajui ya nini.

Washenga hao wawili walipanda basi Tononoka, bwana na kofia yake, bibi na leso mapajani. Dereva alikuwa Kahindi.

"Ongeza mwendo kidogo, mwanangu," Jacinta akamnong'oneza. "Tumebeba barua."

Kahindi hakuongeza. Alisimama kila kituo, akafungua milango, akangoja kila mtu aingie, akafunga. Mwishowe akavuta kipaza sauti.

"Tudor. Wenye barua, mlango uko kulia."

Wakashuka. Aliwatazama wakivuka barabara, leso ikimeremeta mkononi mwa Jacinta, mpaka wakaingia uchochoro wa kwa Mama Dama. Kisha akafunga milango, akageuza basi, akarudi Makadara.