Posa Iliyojibiwa na Katuni

Kwenye ngazi za jengo la maduka watu walikuwa wakisukumana, na katikati yao dada mmoja mwenye gauni la njano, zipu imemkatikia mgongoni, amejiziba kwa mkoba huku akigomba kwenye simu. Fundi cherehani aliyekuwa akipanda, futi imemning'inia shingoni, alisimama ghafla.

"Samahani dada, sauti hiyo... wewe ndiye yule wa kwenye katuni!"

"Na wewe si fundi? Acha kushangaa, nitilie zipu. Mgongo wote uko nje!"

Ndiye kweli. Alimtilia sauti msichana wa katuni aliyeingia ndani ya simu yake akamkuta pacha wake humo, mzuri na mcheshi kumzidi, hata wazazi wakashindwa kujua mtoto wao ni yupi. Katuni ikapendwa mno. Wenye studio wakatengeneza programu ya simu: ukijiunga, mashine inakupigia na kuzungumza nawe kwa sauti ya yule msichana. Fundi alikuwa amejiunga zamani.

Zipu ikatiwa, namba za simu zikabadilishwa, na mapenzi yakakolea.

"Umekula, mshonaji wangu?"

"Nimekula uzi."

"Basi leo hunibusu, utanishona midomo!"

Tatizo lilikuwa moja. Kila mteja akiingia dukani kwake, fundi alimwambia mpenzi wake, "Hebu ongea kama yule!" Siku moja dada akachoka.

"Unanipenda mimi, au yule?"

Fundi akacheka tu. Dada akabeba mkoba wake, akaenda zake, na simu za fundi hakupokea tena.

Asubuhi moja fundi alikuwa akipinda pindo la shela ya bibi harusi, mikono yote imejaa kitambaa, vidude vya simu masikioni. Simu ikaita. Akapokea bila kutazama.

"Mpenzi, nimekukumbuka."

"Nisamehe, mama! Nimekosa."

"Nimekusamehe."

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo, mpenzi. Chochote utakacho."

Fundi aliruka hadi mkasi ukaanguka. Akampigia shangazi yake aliyemlea. Shangazi naye, hana dogo, akampigia yule dada papo hapo.

"Mkwe wangu! Tumesikia umekubali!"

"Nimekubali nini, Shangazi?"

"Yallah! Mbona sauti kama chura?"

Tangu jana yake dada alikuwa studio akipiga makelele ya pacha wawili wanaogombana, na wote wawili ni yeye. Sauti ilikuwa imekwisha. Akajifunga skafu shingoni, akaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Hongera, bwana harusi," akakwaruza mbele ya wateja. "Umeposa mashine."

Fundi akaangalia simu. Aliyepiga alikuwa msichana wa katuni, macho makubwa kama visahani. Akatamani ardhi immeze.

"Kamuoe," dada akasema. "Huyo hachoki, hanuni, haishiwi sauti."

"Ndiyo maana nilipaswa kushtuka! Tangu lini wewe ukanisamehe bila kunitoa jasho? Tangu lini ukaniambia 'chochote utakacho'? Yule anamkubalia kila anayepiga. Uliniuliza nikacheka kama mjinga. Jibu langu hili hapa: nakupenda wewe, mbishi, mwenye sauti ya chura." Akapiga magoti kwenye vipande vya nguo. "Nioe... aa, nikuoe?"

"Inuka, kuna pini hapo."

"Zinanichoma. Siinuki."

Dada akajikaza asicheke. "Shangazi asipigiwe simu kabla yangu."

"Sawa."

"Na mbele ya wateja mimi ni mchumba wako, si katuni."

"Sawa, mke wangu."

"Bado, bwana!" Akafungua mdomo aijibu posa, sauti ikagoma kabisa, ikatoka pumzi tupu. Fundi akabaki amemkodolea macho. Dada akamshika mashavu kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kukubali, mara ya kwanza polepole, kisha tena na tena, machozi yakimtiririka.

Wateja ndio waliomtilia sauti, wote kwa pamoja, hadi barabarani wakasikia:

"Kakubali!"